Treni ni saa sita, sisi tulichukua siku tisa

Wacha nianze na hesabu, kwa sababu kila mtu niliyemwambia kuhusu hii safari alianza na hesabu. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ukipanda treni ya SGR daraja la kawaida unalipa shilingi 1,500, na baada ya saa sita hivi uko Miritini unatafuta matatu. Basi la usiku nalo linakulaza kwa kiti, unaamka shingo imepinda na jasho la Pwani limeshakupata. Sisi wawili tulichukua siku tisa. Zingekuwa kumi na mbili kama simu fulani haingeingia tukiwa Voi, lakini hiyo nitafika.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce, ile watu wa matatu wanaita shark. Dizeli. Namba yake ni ya KA, yaani ilisajiliwa kabla hata ya KBA ya kwanza kuonekana barabarani, kwa hivyo mimi na yeye tunakaribiana umri. Ilikuwa gari ya watalii. Mjomba wa jamaa yangu aliiendesha Mara na Tsavo miaka mingi, ndio maana paa lake linainuka, lile la mzungu kusimama na kamera. Corona ilipofunga utalii 2020 ikaegeshwa chini ya mti, kuku wakaanza kutaga ndani. Tulipoichukua tulitoa viti vya nyuma, tukaweka godoro, meko ya kilo sita, jeri mbili za maji, na pazia ambalo mathe wangu alishona bila kuuliza ni la nini. Tuliipa jina Shosho, kwa sababu ikipanda mlima unaisikia kabisa ikilalamikia magoti.

Sasa, kwa nini. Jamaa yangu alikuwa amepata kazi melini, hizi meli za kitalii zenye ghorofa kama mtaa mzima, kazi ya jikoni, kandarasi ya miezi tisa. Alitakiwa aripoti Mombasa amalize vipimo na karatasi, halafu apande ndege aifuate meli huko ilipo. Kwao ni Changamwe. Kwetu ni Umoja. Hatujaoana, tunaishi tu, mtindo ambao mamangu huuita njoo tukae, akivuta hilo neno la mwisho mpaka unasikia aibu. Tulikuwa na siku kumi na mbili za mwisho pamoja, na kila mtu alikuwa na ushauri ule ule: pandeni treni, mpate siku kumi na moja za Diani.

Ni ushauri wa maana. Ila mimi nimewahi kwenda Diani siku tano, na nikijaribu kuzikumbuka napata moja na nusu. Mchanga, maji, mchanga, kulala, samaki. Siku za ufuoni hazina majina. Nilitaka siku zenye majina.

Na wazo si langu. Mwaka 1982 mwandishi mmoja kutoka Argentina, Julio Cortázar, na mkewe Carol Dunlop, naye mwandishi na mpiga picha, walitoka Paris kwenda Marseille kwa kombi nyekundu ya Volkswagen waliyoiita Fafner, jina la joka. Hiyo barabara kuu ni kama kilomita 800, mtu anaimaliza kwa siku moja na bado anafika kwa chakula cha jioni. Wao walijiwekea sheria. Wasitoke kabisa kwenye barabara hiyo, wasimame vituo viwili vya kupumzikia kila siku, na walale kwenye kile cha pili. Ikawachukua siku 33. Wakaandika kitabu, Los autonautas de la cosmopista, ambacho kinaeleza maegesho ya malori kwa ule uzito wote wa wavumbuzi wa zamani wakieleza bara jipya, na ramani zake zilichorwa na mtoto wa Carol.

Vituko vyao ni vya kuchekesha, lakini kilichonikaa ni kingine. Carol alikufa Novemba ya mwaka huo huo, miezi minne hivi baada ya kufika Marseille, akiwa na miaka 36. Cortázar akamalizia kitabu bila yeye, kikatoka 1983, na Februari 1984 akamfuata. Wote wawili hawakuwa na afya nzuri walipoondoka Paris. Yaani kwenye ile barabara yote, watu waliobakisha muda mdogo kabisa ndio waliochagua kwenda polepole kuliko wengine wote. Tulieni, sifananishi kifo na kazi ya jikoni. Nasema tu nilisoma hiyo na Diani ikaisha hamu.

Kwa hivyo nasi tukaweka sheria zetu. Hakuna kuendesha usiku. Hakuna kupita kilomita mia kwa siku. Na kila usiku tulale mahali ambapo tumepita mara mia na hatujawahi kushuka.

Ukiangalia zile video za wapenzi wanaoishi kwa gari, huwa ni watu wawili tu duniani. Mlango wa nyuma uko wazi, kuna bahari, kuna miguu miwili na vikombe viwili vya kahawa. Hakuna mtu wa tatu. Mimi sijui hiyo nchi ni gani. Usiku wetu wa kwanza ulikuwa Salama, nyuma ya kituo cha mafuta, baada ya kukaa Mlolongo kwenye foleni ya malori ambayo ndiyo iliyoupa mji jina lake. Tulikuwa hata hatujavuta pazia mlinzi akagonga dirisha. Akatuuliza kwa upole sana kama tumefungiwa nyumba na landilodi. Tukamwambia hapana mzee, tunasafiri. Akaangalia ndani, akaona godoro, akaona meko, akatikisa kichwa. Saa kumi na moja asubuhi akagonga tena: "Amkeni, mama wa chai amefika, mandazi huisha." Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Hatukuwahi kuwa wawili zaidi ya saa tatu mfululizo.

Pale Salama pia ndipo jamaa alipotangaza jambo lake. Tulikuwa tunakunywa hiyo chai, akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nikishaenda, hii gari utairudisha Nairobi pekee yako. Kwa hivyo kuanzia leo ikizima, ni wewe unashuka."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Emali nitapita haraka, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Ila saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Kilimanjaro ilikuwa imesimama pale nyuma ya maduka na nguzo za stima, nyeupe juu, na hakuna mtu aliyekuwa akiiangalia isipokuwa sisi na mbuzi. Miaka yote nimepita hapo nimelala.

Siku ya tatu, tukishapita Simba, sindano ya joto ikapanda, nikasikia mlio kama wa mtu akifungua soda, na kioo kikajaa mvuke. Mpira wa juu wa rejeta. Tukasukuma Shosho kando. Jamaa akakata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, ile ishara ambayo kila dereva Kenya anaielewa hata kama hana kile kipembe chekundu, halafu akaenda akaketi juu ya jiwe. "Ni wewe," akasema.

Nilikuwa na hasira ya kuchemka kuliko ile rejeta. Lori likasimama, dereva akashuka, mzee wa makamo, kofia ya mvinyo imepauka. Akamwendea jamaa kwanza, kawaida. "Boss, mbona unaacha madam ashike spana?"

"Gari ni yake."

Dereva akaniangalia, akaangalia gari, akavuta pumzi. "Basi madam, sikiza."

Na akanifundisha. Kifuniko cha rejeta hakiguswi kikiwa moto, utaungua uso. Ngoja dakika arubaini, hata kama una haraka, hasa kama una haraka. Mpira ukipasukia karibu na mwisho, kata ile sehemu mbovu, vuta uliobaki, kaza klipu. Kama hautoshi, funga na ukanda wa tyubu ya ndani ya gurudumu, uvute sana, ukazie juu ya mwenzake kama bendeji, na hapo utafika mji unaofuata ukienda mwendo wa maziko. Hakugusa kitu chochote yeye mwenyewe, alikuwa anaonyesha tu na kidole. Tanboi wake alikuwa anashangaa kutoka dirishani. Alikataa pesa, akakubali machungwa manne.

Tulifika Makindu kwa mwendo huo huo wa maziko. Kama hujawahi kushuka Makindu, kuna hekalu la Masikh lililojengwa 1926, na mizizi yake ni Masikh waliokuja kujenga reli. Chakula ni bure kwa msafiri yeyote. Haijalishi dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, pombe na sigara unaviacha nje, unakaa unakula dengu na chapati na chai ya maziwa. Tulikula karibu na tanboi mwingine na mama mmoja mwenye mapacha, na wazee wawili wa Kisikh kutoka Nairobi ambao walitaka kujua injini ni ya aina gani. Mpira mpya ulikuja na pikipiki kesho yake na nikaufunga mwenyewe. Tulikaa siku mbili. Hapo jamaa alilala mchana mzima kwenye nyasi, na mimi nilikuwa namwangalia tu, nikafikiria kwamba huyu mtu akiwa Diani angekuwa anatafuta mahali pa kuchajia simu.

Ukishapita Kibwezi mibuyu inaanza, na ukishapita Mtito Andei ni Tsavo pande zote mbili. Ndovu wa huko ni wekundu, kwa sababu ya udongo wanaojipaka, na tuliona kumi na mmoja wakiwa wamesimama karibu na tuta la SGR. Treni ikapita juu yao. Ilikuwa inatupita kila siku hiyo treni, tukazoea kuipungia. Hapo Tsavo ndipo simba wawili walipokula wajenzi wa reli mwaka 1898, na leo hao simba wako kwenye jumba la makumbusho Chicago, jambo ambalo jamaa alilisema mara tatu, kwa sababu meli yake itafika Marekani na ameapa atakwenda kuwaona. Nilimwambia Chicago haiko baharini. Akasema atapanda basi.

Halafu Voi.

Tulikuwa tunapika ugali simu ikaingia. Wakala wa kazi. Tarehe ya kuripoti imesogezwa mbele siku tatu. Hakuna maelezo, hakuna pole, ni hivyo tu. Jamaa akakata simu akasema, "Tuende leo. Saa hii. Tunaweza kuwa Changamwe saa nne usiku."

Nikasema sheria ni hakuna kuendesha usiku.

"Sheria tulijiwekea wenyewe."

"Ndio maana ni zetu."

Ndipo akasema kile ambacho kilikuwa kimekaa kati yetu tangu Mlolongo. "Mathe pia ana siku zake. Ameningoja tangu mwezi wa pili. Wewe umekula siku sita."

Ugali ukaungua. Hatukuongea kama saa nzima, na kwenye gari la ukubwa huo kunyamaza ni kazi, kwa sababu mkono wako unagusa wa mwenzako ukitafuta tu chumvi. Alikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa na haki. Hizo ndizo zile vita mbaya, kwa sababu hakuna mtu wa kuomba msamaha ndio mambo yaishe. Na niwaambie, hii sehemu huwa haiko kwa zile video. Siku za mtu anayeondoka zinadaiwa na watu wengi. Kuna mpenzi, kuna mamake, kuna marafiki wa utotoni, hata yule mjomba anayetaka aagwe rasmi. Hata wale wawili wa Ufaransa marafiki walikuwa wakiwatembelea barabarani na vyakula. Hakuna mtu ambaye ni wako peke yako, hata ukimfungia ndani ya HiAce.

Nilichukua simu yake nikampigia mamake mwenyewe. Sikuwa nimewahi kukutana naye ana kwa ana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mpo wapi?"

Nikamweleza. Voi, gari, siku tatu zimekatwa, mwanawe anataka kukimbia usiku. Akanyamaza kidogo.

"Hilo gari lina nafasi ya kulala watu wangapi?"

"Wawili, mama. Wakibanana, watatu."

"Basi msikimbie. Mie nawafuata. Nitawakuta Mariakani kesho kutwa, nina uzoefu wa kubanana."

Jamaa alisikia yote. Alicheka mpaka akashika mlango.

Usiku uliofuata tulilala Mackinnon Road, karibu na ule msikiti wa kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali. Alikuwa mfanyakazi kutoka Bara Hindi enzi za kujenga reli, na inasemekana karai alilobebea lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa mabasi husimama pale kuomba safari njema, hata wasio Waislamu. Joto lilikuwa jingi, tukainua paa la Shosho, tukasimama pale juu kama watalii, tukiangalia taa za malori. Na nikauliza lile swali. Sikuuliza kama atarudi, kwa sababu mtu yeyote atakuambia atarudi. Nilimuuliza, "Nikusubiri kama nani?"

Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa tayari kwa maneno, na nilikuwa nimeshajiandaa kutoyaamini. Badala yake akatoa simu, akaingia eCitizen, akaanza kuhamisha gari kwa jina langu. Nywila akasahau. Akaipata. Mtandao ukaanza kuzunguka, ukazunguka, ukakata. Akajaribu tena, amenyanyua mkono nje ya paa kutafuta mtandao, Mackinnon Road, saa tano usiku. Sijawahi kucheka hivyo. Ilikubali kesho yake, Mariakani. Najua logibuku si pete. Mamangu ameshanikumbusha hilo mara tatu.

Mama alishuka kwenye matatu na sufuria imefungwa kwa leso, ndani wali wa nazi, na kwenye kikapu mchuzi wa samaki, mbaazi, na embe. Kabla ya kunikumbatia alizunguka Shosho mara moja, akabonyeza gurudumu kwa kidole cha mguu. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye mlango, wote watatu. Usiku yeye na mimi tulilala godoroni, na mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa anaagwa, alilala kiti cha mbele magoti yakiwa kwenye usukani.

Huko nyuma gizani mama aliniambia kwamba baba yake jamaa pia alikuwa mtu wa meli, miaka ya tisini, enzi za barua. Kulikuwa na barua zilizofika baada ya yeye mwenyewe kufika. Akaniuliza kama najua kupika samaki, nikasema sijui. Akaniuliza kama najua kutengeneza gari, nikasema nimeanza. "Basi tutabadilishana," akasema. Baadaye, nilipofikiri ameshalala, akasema, "Miezi tisa si mirefu. Mrefu ni ule wa kwanza." Akageukia ukuta akakoroma.

Mwendo wa mwisho ni mteremko, Mazeras hadi Changamwe, na niliendesha mimi. Mama alichukua kiti cha mbele, hakuuliza. Jamaa alikuwa nyuma amelala chali chini ya lile paa wazi, miguu juu ya pipa la sabuni. Nilikuwa naenda arubaini kwa saa, malori yanatupigia honi, na bado mama alikuwa ameshika dashibodi akiniambia, "Punguza mwanangu, punguza. Tunakimbilia nini?"

Kwa wale wanaopenda bajeti: dizeli ilikula karibu thao tisa, mpira wa rejeta mia nane, maegesho bure isipokuwa chai za walinzi. Kurudi Nairobi nilitumia siku mbili, peke yangu, na Shosho alizima mara moja tu, hewa kwenye dizeli, karibu na Kiboko. Nilipampu nikamtoa hewa kwa dakika kumi. Mama wa machungwa aliyekuwa kando aliniuliza bwana yuko wapi. Nikamwambia yuko baharini. Akaangalia huku na huku, kichaka tu na vumbi, akaniongezea machungwa mawili bure.

Sasa imebaki miezi mitano. Mwezi wa kwanza ulikuwa mrefu kweli. Mama hunipigia Jumapili, tuko kwenye papa wa nazi. Yeye jamaa hupiga wakifika bandarini, mtandao ukikubali, na anauliza Shosho anaendeleaje kabla ya kuniuliza mimi. Wakati mwingine ananiambia nishuke nimwashe asikie injini. Majirani wa Umoja wameshazoea.